SAFARI YA JANGWANI: MAJI YA MAFUNGU MATATU

Somo la kikundi
Lengo: Kuelewa kwa nini akiba hutengwa kabla ya shida, na jinsi ya kuigawa.
Muda: Saa moja na nusu.
Vifaa: Punje 40 za mahindi na bakuli tatu.



Katika vikundi vingi tunavyovitembelea tunaulizwa swali moja: "Pesa yenyewe ni kidogo, tutaweka akiba gani?" Ni swali la haki. Mwezi huu tunalijibu kwa safari tuliyoifanya na rafiki yetu, fundi wa pampu za maji, kutoka Isiolo hadi Kalacha katika Kaunti ya Marsabit. Kiongozi wa kikundi asome polepole, akisimama kila sehemu ili watu waulize.

1. NJIA YENYEWE

Zamani safari ya Isiolo hadi Moyale ilikuwa ya siku mbili au tatu juu ya lori la ng'ombe, kwa vumbi na mawe, magari yakisindikizwa na askari. Siku hizi ni lami tupu, karibu kilomita 500, iliyokamilika katika miaka ya 2010. Unapita Archer's Post na mto Ewaso Nyiro, unafika Merille penye soko la mifugo, halafu Laisamis na Logologo, ukikata jangwa la Kaisut mpaka mlima Marsabit. Huko juu kuna msitu na ukungu, na asubuhi utatafuta sweta.

Lakini ukiiacha lami kuelekea Maikona, mambo yanabadilika. Unashuka kwenye mawe meusi ya volkeno, na baada ya hapo unaiona Chalbi. Huu ni uwanda mkubwa uliokuwa ziwa zamani za kale. Sasa ni udongo mkavu wenye chumvi nyeupe. Jua likiwa kali unaona maji kwa mbali, ukifika hakuna kitu. Hayo ndiyo mazigazi. Na mvua ikinyesha, uwanda unageuka tope. Juu hukauka upesi, kumbe chini bado ni laini, na gari zito huzama. Kalacha iko ukingoni mwa jangwa hilo. Ina chemchemi na mikoma, na Wagabra huleta ngamia wao kunywa hapo.

2. HESABU YA RAFIKI YETU

Pale Marsabit rafiki yetu alipakia mitungi minne ya lita 20. Tulimwuliza, "Sisi ni wawili na safari ni ya siku moja. Lita 80 za nini?"

Akachukua kijiti akaandika chini. Watu 2, kila mmoja lita 5 kwa siku, kwa siku 4 gari likiharibika: lita 40. Maji ya radieta: lita 10. Zilizobaki ni lita 30.

"Hizo ni za nani?"

"Za mtu tutakayemkuta njiani."

"Na tusipomkuta?"

"Tutarudi nazo. Kwani zinakula?"

Kabla ya kuondoka alipiga simu Kalacha akasema tunapita njia gani na tutafika saa ngapi, kwa sababu sehemu nyingi za mbele hazina mtandao. Tena akatuambia, gari likikwama tusiliache. Gari lina kivuli na linaonekana kwa mbali. Mtu anayetembea peke yake juani haonekani upesi.

3. LORI LILILOZAMA

Alasiri, mbele ya Maikona, tulikuta lori limezama mpaka kwenye ekseli. Mvua ilikuwa imenyesha juma lililotangulia. Watu 14 walikuwa pale tangu jana yake. Pipa lao la maji lilikwisha asubuhi, na madimbwi yaliyokuwa karibu yalikuwa ya chumvi.

Mfanyabiashara mmoja alikuwa na mitungi yake miwili katikati ya mizigo. Kijana mmoja alitaka kuinyakua kwa nguvu. Mzee mmoja akamzuia. Mama mmoja akamwambia mfanyabiashara, "Ndugu yangu, maji ni yako, hakuna anayekataa. Lakini mtoto hajui kiu ya nani ni ya nani."

Wakakubaliana hivi: atoe mtungi mmoja. Kila mtu mzima atakayekunywa atachanga kumlipa wakifika Kalacha. Mama yule ndiye atakayegawa kwa kikombe, akianza na watoto, mama mmoja mjamzito na mzee. Tulipofika kikombe kilikuwa kinazunguka.

Rafiki yetu alitoa lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu. Yule kijana akauliza, "Mbona mingine unaibakisha?"

Akajibiwa, "Kijana wangu, nikikupa hiyo na gari langu likafa huko mbele, kutakuwa na magari mawili yenye kiu. Na nani atapeleka habari?"

Tukambeba yule mama mjamzito na mtoto wake. Hata hapo rafiki yetu alihesabu tena: sasa tuko wanne, lita 40 ni za siku mbili, na Kalacha ni saa chache. Basi, twende. Usiku huo trekta ilitumwa, na wote walitoka salama. Asubuhi mfanyabiashara alilipwa mbele ya watu.

4. WENYEJI WANAFANYAJE?

Jambo hili si geni kwa watu wa kaskazini. Kwenye visima vya Waborana kuna mtu anayesimamia zamu, anaitwa aba herega. Kila mwenye mifugo anajua siku yake kabla hajatoka nyumbani. Mwenye nguvu hafiki tu akasukuma wengine.

Wagabra nao wana desturi ya kuazimana ngamia, inayoitwa dabarre. Mwenye ngamia wengi humpa jirani ngamia jike. Jirani hupata maziwa ya watoto wake. Hii si sadaka ya kutupa, wala si riba. Ni msaada wenye sheria inayojulikana na pande zote mbili.

Lakini tusidanganyane. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa katika sehemu kame za Kenya. Akiba haizuii ukame. Kazi yake ni kumpa mtu nafasi ya kupumua, asiuze mbuzi wa mwisho au jembe siku ya kwanza ya shida.

5. TURUDI KWENYE KIKUNDI CHETU

Hebu tuchukue kikundi cha watu 20. Kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 1,000. Wanaweza kuigawa kama yale maji:

Fungu la kazi, shilingi 600: mbegu, kuku, mizinga ya nyuki. Hili ni maji ya safari.
Fungu la dharura ya kikundi, shilingi 250: pampu ikiharibika, kuku wakifa. Hili ni maji ya gari kukwama.
Fungu la mwenzetu, shilingi 150: mwanachama akiugua au akifiwa. Hili ni maji ya barabara.

Kwa wiki 52 fungu la kwanza linakuwa shilingi 31,200, la pili 13,000 na la tatu 7,800. Shilingi 150 ilionekana ndogo, siyo?

Ili mafungu haya yasimame, tunashauri mambo manne:

a) Msichanganye mafungu. Kila moja liwe na ukurasa wake katika daftari.
b) Andikeni sheria mapema: nani apewe, kiasi gani, arudishe lini. Siku ya msiba si siku ya kutunga sheria.
c) Chagueni mgawaji anayeaminiwa na wote, na agawe mbele ya watu.
d) Msitoe mpaka mkakauka. Kikundi kilichofilisika hakimsaidii mgonjwa wa kesho.

ZOEZI

Wekeni punje 40 mezani na bakuli tatu. Kila mtu agawe punje jinsi anavyoona inafaa, kisha aeleze sababu. Msicheke mawazo ya mtu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, ilikuwa haki mfanyabiashara kutoa maji aliyoyabeba mwenyewe? Kama asingelipwa, mngesema nini?
2. Je, rafiki yetu alifanya vizuri kubakiza maji mbele ya watu wenye kiu?
3. Ni shida gani ilikipata kikundi chetu mwaka uliopita ambayo tungeweza kuijua mapema?
4. Ile michango ya zamu, meri-go-raundi, ina nafasi ya fungu la tatu? Kama haina, tuanze na shilingi ngapi?

KAZI YA MWEZI

Kabla ya mkutano ujao, mweka hazina alete daftari na jumla ya pesa iliyopo. Kikundi kikubaliane mafungu, kiandike sheria tatu tu, na kila mwanachama atie sahihi au kidole gumba.