Zana za Waashi: Mafunzo ya Mafrimasoni na Hukumu Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo: yameenea mwambao huu maneno mengi juu ya Frimasoni, ambayo Waarabu huiita Masuniya. Huyu husema wafuasi wake hunywa damu. Yule husema kila atajirikaye ghafula amemtoa mwanawe kafara. Mtu akionekana na pete yenye alama ya pembe, hunong'onwa hata msikitini. Kumzulia mtu asilolitenda ni buhutani, na buhutani ni katika madhambi makubwa. Mwenye kukataza jambo yampasa alijue kwanza, kisha akataze kwa hoja.

Waashi wa mawe wa Uingereza na Uskoti walikuwa na vyama vyao vya kazi. Baadaye wakaingia humo mabwana wasioshika nyundo. Mwaka 1717 loji nne za London ziliungana zikafanya Loji Kuu, na mwaka 1723 ikapigwa chapa kanuni yao iliyotungwa na James Anderson. Zana za waashi zikabaki, walakini hazikujenga nyumba tena. Kila moja ilipewa maana katika tabia ya mtu.

Pembe mraba ni unyofu katika muamala. Bikari, ambayo huchora duara wala haitoki nje ya mpaka wake, ni kuizuia nafsi na matamanio. Timazi ni kusimama wima katika haki, na pima maji ni usawa wa watu, mkubwa kwa mdogo. Kipimo cha inchi 24 ni saa za mchana na usiku, zigawanywe baina ya ibada, kazi, na kumsaidia mwenye dhiki. Jiwe ghafi ni mtu kabla ya kufunzwa; likichongwa likalingana, ni mtu aliyetengenea. Ngozi nyeupe ya mwanakondoo wajifungayo kiunoni ni usafi wa moyo. Maana hizi hazina ubaya. Na fundi wa Lamu au Unguja aliyewahi kusimamisha ukuta wa mawe na chokaa aweza kuzifahamu pasipo kuapa kiapo chochote.

Ama fadhila nne wazisifuzo, yaani busara, ushujaa, kiasi na uadilifu, asili ya mpango wake ni wanafalsafa wa Kiyunani. Waislamu waliupokea wakaupima kwa sheria. Miskawayhi aliyefariki mwaka 1030 aliueleza katika kitabu chake cha tabia. Kisha Imamu Ghazali, naye ni Shafii, aliyefariki mwaka 1111, akaufanya katika Ihyaa kuwa ndio mama wa tabia njema zote: hikima, shujaa, iffa na adili. Akaonyesha kuwa hikima, shujaa na iffa, kila moja ni wastani baina ya maovu mawili, kama ushujaa ulivyo baina ya woga na ujahili wa kujitupa. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia sita kabla ya loji zile nne kukutana, na hata leo husomeshwa mlango ukiwa wazi; aliye barazani akitaka husikiliza.

Katika daraja yao ya tatu huigizwa kisa cha Hiram, fundi wa hekalu la Nabii Suleiman, aliyeuawa na mafundi watatu kwa kuwaficha siri. Kisa hiki hakimo katika Kurani. Hata Biblia, ambayo yamtaja Hiram wa Tiro mfua shaba, haisemi kuwa aliuawa. Kurani yataja kuwa Suleiman alijengewa na majini, na kuwa alipofariki akiegemea fimbo yake hawakujua hata mdudu wa ardhi alipoila. Humo mna funzo kuwa ghaibu haijui ila Mwenyiezi Mungu.

Nao humwita Mungu Msanifu Mkuu wa Ulimwengu, jina ambalo kila mwenye dini hulitia maana aitakayo. Na Loji Kuu ya Ufaransa iitwayo Grand Orient iliondoa hata sharti hilo la kumwamini Mungu mwaka 1877. Wanavyuoni wa Kiashari wengi wamesema majina ya Mwenyiezi Mungu hayatungwi, hupokewa.

Lakini shina la jambo hili ni kiapo. Mwenye kuingia huapa kuficha siri ambazo bado hajaambiwa. Zamani kiapo hicho kilitaja adhabu za kutisha za mwili. Loji Kuu ya Uingereza iliziondoa katika viapo mwaka 1986. Wenyewe hujibu kuwa mtu huambiwa kabla ya kuapa kuwa hamna humo linalopingana na dini yake. Naam, ila ni nani amwambiaye? Amwambiaye si mwanachuoni wake, na jambo lenyewe hajaliona. Katika madhehebu ya Shafii, kwa kauli iliyo na nguvu, haisihi kuuza kitu ambacho mnunuzi hajakiona, ijapokuwa ni jora la nguo. Mtu ataufunga vipi ulimi wake kwa jina la Mwenyiezi Mungu juu ya kitu asichokiona? Siri ya rafiki ni amana, kwa kuwa msikiaji ajua amepokea nini. Na ushahidi ukitakiwa mbele ya kadhi, kuuficha ni dhambi kwa nassi ya Kurani.

Husemwa kuwa waliingia watu wakubwa. Ni kweli: Amiri Abdulkadir wa Aljeria, aliyewaokoa Wakristo wa Damasko mwaka 1860, alipokewa katika loji ya Iskandaria mwaka 1864, na Jamaluddin Afghani aliongoza loji mjini Kairo mwaka 1878. Lakini kitendo cha mtu, ajapokuwa mtukufu, si dalili ya sheria. Baraza la Fikihi la Makka lilitoa hukumu ya kukataza mwaka 1978.

Ama yule aliyekwisha kuapa kisha akataka kutoka, mlango wa toba u wazi, wala asitengwe na jirani zake. Kiapo kikimzuia na jambo la wajibu, kama kutoa ushahidi, ni wajibu akivunje, na juu yake kafara ya yamini: kuwalisha masikini kumi, kila mmoja mudi ya chakula cha mji, au kuwavisha. Asipoweza, hufunga siku tatu, na kwa kauli iliyo dhahiri si lazima zifuatane.