Gitaa Kavu Huanza na Mbao Kavu

"Fundi, gitaa limepasuka lenyewe usiku. Hakuna aliyeligusa."

Simu hiyo ilitoka Dodoma, mwezi wa nane, saa moja asubuhi. Mwalimu mmoja kijana alikuwa amelinunua kwangu mwezi wa nne, tukalipiga pamoja hapa barazani Tabata mpaka watoto wa jirani wakajaa mlangoni. Kisha akahamishiwa Dodoma, gitaa likaenda naye. Akanirudishia kwa basi, limeviringishwa blanketi. Nilipolifungua nilikaa kimya muda mrefu. Ufa ulianzia kwenye daraja ukashuka hadi ukingoni, na kwa ndani mataruma mawili, yaani vijiti vinavyoushikilia mgongo, yalikuwa yamebanduka. Viungo vingine vyote vilikuwa vimekaza. Shingo ilikuwa imenyooka. Mikono yangu haikuwa imekosea. Iliyonikosesha ni hewa.

Wengi mmekuwa mkiniuliza namna ya kuanzisha karakana ya magitaa nyumbani. Nitawapa hatua tano, ila ya pili itachukua nafasi kubwa, kwa kuwa ndiyo niliyoilipia.

Hatua ya kwanza: chumba na zana. Stoo ya mita tatu kwa tatu inatosha. Meza iwe nzito, isitikisike unaporanda. Wauza mashine watakushawishi ununue msumeno wa umeme na mashine ya kupiga msasa kabla hujakata hata kijiti. Achana nao kwanza. Mimi nimejenga magitaa yangu yote kwa randa ya chuma ya Stanley namba 4 niliyoipata mtumbani, patasi tatu zinazonyoa nywele za mkono, msumeno wa meno madogo, na vibano vingi kadiri mfuko ulivyoruhusu. Ile randa ina umri kunizidi na sitaibadilisha na mpya yoyote ya dukani.

Hatua ya pili: ijue hewa ya chumba chako. Mbao hunywa maji ya hewani na kuyatoa maisha yake yote, hata ikishakuwa gitaa. Hapa pwani asubuhi nyingi unyevu wa hewa hupita asilimia 80, na mbao ikizoea hewa hiyo hubeba maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ikipelekwa kwenye unyevu wa asilimia 45, maji hayo hushuka hadi 8 hivi. Uso wa gitaa wa sprusi wenye upana wa sentimita 40 husinyaa karibu milimita 4 kwa safari hiyo. Kwa urefu hausinyai kiasi cha kuonekana. Sasa mataruma yamegandishwa kukatisha upana huo, yameushika, hayataki kusogea. Uso unavuta, taruma linagoma, lazima kimoja kiachie. Ndiyo maana mafundi wa magitaa duniani kote hugandisha mataruma kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50.

Hayo yote niliyajua. Nilikuwa na kabati la kukaushia, na ndani yake kipima unyevu kilichonitoa pesa nzuri, chenye tarakimu kubwa. Siku niliyogandisha gitaa la mwalimu kilisoma 47, nikakiamini.

Sasa kwa nini lilipasuka? Jibu nililikuta jikoni kwa mama. Mama, kama kina mama wengi wa pwani, huweka punje za mchele kwenye kikopo cha chumvi ili isilowe. Chumvi ya mezani huanza kulowa yenyewe hewa ikipita unyevu wa asilimia 75. Hapo ndipo penye mpaka wake, iwe Tanga au Iringa, na joto halibadilishi sana. Ukiigeuza hiyo kanuni unapata mizani ya bure: chumvi iliyoloweshwa ikifungiwa kwenye chombo, hewa ya ndani hutulia kwenye 75.

Fanya hivi. Chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi safi ya mezani. Dondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi iwe kama uji mzito. Isiyeyuke, punje lazima zionekane. Kiweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na kipima unyevu kando yake bila kugusana na chumvi. Funga, weka mahali pasipopigwa na jua, usiguse hadi kesho yake. Ukirudi, kipima kisome 75. Kikisoma 70, andika kwenye plasta "ongeza 5" na uibandike mgongoni mwake.

Changu kilisoma 62. Nikarudia na chumvi nyingine na kopo jingine: 62. Kwa hiyo ile 47 niliyoiamini ilikuwa inakaribia 60, na gitaa la mwalimu lilizaliwa likiwa limejaa maji. Nilikirudisha dukani pamoja na kopo la chumvi. Muuzaji aliniambia hicho ndicho wanachonunua wote, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nilitoka pale na hasira ambayo bado ninayo, kwa sababu anayeuza kipimo anauza ukweli, na kama hajali ukweli wake auze vitu vingine.

Kabati lenyewe halina siri. Ni kabati la nguo lililochakaa, chini nimeweka balbu mbili za wati 60 ndani ya kizimba cha bati ili mbao zisiguse moto. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa 80 ukiipasha ifike 38, unyevu wake hushuka hadi kama 45. Lazima ziwe balbu za zamani za waya. Hizi za LED hazina joto la kutosha. Na ubao ukitoka kabatini ugandishwe papo hapo. Niliwahi kuuacha mezani nikaenda kula. Niliporudi ulikuwa umejikunja kama kigae.

Hatua ya tatu: mbao. Kwa mgongo na mbavu, chukua mninga. Ugonge kwa kifundo cha kidole usikie unavyoitika, kisha uniambie kama unahitaji kuagiza kitu India. Kwa daraja, wachongaji wa Mwenge wana mabaki ya mpingo. Paina wa mashambani hukua haraka na miduara yake ni mipana, hivyo mimi huutumia kwa kalibu tu; sprusi ya uso huagizwa.

Lakini usimwamini mtu anapokuambia mbao imekauka. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba mninga wake ulikuwa na miaka miwili kivulini. Niliupasua vibao viwili vya mgongo, nikaviweka kwenye mizani ya jikoni: gramu 690. Nikaandika uzito na tarehe kwa penseli pale pale kwenye ubao. Wiki iliyofuata 655. Kisha 628. Yalikuwa maji, nami niliyalipia kwa bei ya mninga.

Hatua ya nne na ya tano, yaani kalibu na kupinda mbavu kwenye bomba la moto, nitazieleza siku nyingine, maana bado sijamaliza habari ya gitaa la mwalimu. Nililiweka kabatini wiki tatu, safari hii kwa kipima kilichopita mtihani wa chumvi, mpaka ufa ukafunguka wote. Nikachonga kijiti chembamba cha sprusi, nikakilaza ndani ya ufa kwa gundi, nikayagandisha upya mataruma. Mshono unaonekana ukiliinamisha kwenye mwanga, na sikuufunika kwa rangi. Limekaa Dodoma viangazi viwili tangu hapo, na halijafunguka.

Vile vibao vya mninga bado viko kabatini. Chini ya 628 kuna 601, kuna 580, kisha 574 mara tatu mfululizo. Leo asubuhi nimevipima tena: 574. Kesho nanoa randa.