Siku ya Mwaka Huko Makunduchi

Kusini mwa kisiwa cha Unguja uko mji uitwao Makunduchi. Kila mwezi wa Julai wenyeji wake hufanya sherehe ya Mwaka Kogwa, ndiyo mwaka mpya wa jua, ambao asili yake ni Uajemi.

Wanaume hukutana uwanjani, watu wa kaskazini upande mmoja na wa kusini upande wa pili, wakapigana kwa mashina ya migomba. Mbona wapigane siku ya furaha? Ni kwa sababu kila mtu hutoa hapo uchungu wa mwaka uliopita. Na kwa kuwa mgomba ni laini, hasira hutoka bila ya madhara makubwa.

Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, na aliyemo hutoka mbio. Wanawake, wamevaa nguo zao nzuri, huzunguka wakiimba. Baadaye watu hula pamoja, na kila nyumba hutaka mgeni.

Basi tazameni, watu hawa hawakudai kwamba majirani hawagombani. Waliweka siku ya kuumaliza ugomvi. Wagombanao ndio wapatanao.

Maswali
1. Kwa nini hutumia migomba, wala si fimbo ngumu?
2. Kwenu ugomvi humalizwaje?