Injini Inayotetemeka: Kuutafuta Ugonjwa wa Pikapu ya Zamani

Tuseme mkulima wa Kinangop ana pikapu kuukuu ambayo huitumia kupelekea viazi sokoni Naivasha. Siku moja aona usukani wamtetemekea mikononi na bodi lote lagongagonga kama kwamba gari lapita juu ya matuta, hali barabara ni laini. Akifika kwa fundi wa kwanza huenda akaambiwa kwamba injini imekwisha na hapana budi inunuliwe nyingine. Na injini, hata iliyotumika, aweza kulazimika kuuza ng'ombe wa maziwa ili aipate. Kumbe mara nyingi kilichoharibika ni waya mmoja, au plagi moja, au kipande cha raba. Tena aliyekwisha kuuza ng'ombe wake aweza kuikuta injini mpya nayo ikitetemeka vile vile, kwa sababu waya ule mbovu uliondolewa katika injini ya kwanza na kufungwa katika ya pili.

Magari yanayoelezwa hapa ni yale ya petroli yenye silinda nne na kabureta, mfano wa Toyota Hilux za kwanza, ambazo zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1968, au Datsun 1200. Katika injini za namna hii kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, nazo huwaka kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, kisha ya pili. Gari likiwa limesimama na injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, silinda zote pamoja huwaka mara 1,600 kwa dakika, na mapigo hayo hufuatana upesi hata dereva huyasikia kama ngurumo moja. Silinda moja ikinyamaza, mapigo 400 hukosekana katika kila dakika, na injini hujikwaa kila zamu ile ifikapo, kama vile watu watwangao pamoja katika kinu kimoja na mmoja wao akaacha kuinua mchi wake. Hali hii ndiyo mafundi waitayo "kumisi".

Lakini si kila mtetemeko hutoka katika injini. Jambo la kwanza kulichunguza ni wakati gari linapotetemeka. Likitulia kabisa linaposimama, hata injini ikiongezwa mwendo, kisha likatetemeka tu likifikia kasi fulani barabarani, yafaa kutazamwa magurudumu, tairi, na krosi za propela. Likitetemeka wakati wa kuondoka tu, mguu unapoachia klachi, huenda klachi imeingiwa na oili, au zile raba zinazoibeba injini, ambazo huitwa mauntini, zimepasuka. Raba hizi husahauliwa sana. Oili inayovuja huzilainisha mwaka hata mwaka, mpaka chuma hugusana na chuma, na hapo hata injini nzima hutikisa gari zima. Kuzikagua hakuhitaji fedha, ila taa na macho.

Iwapo gari latetemeka hata likisimama, basi injini yenyewe ndiyo ya kuulizwa, na swali ni moja: silinda ipi imenyamaza? Injini izimwe, waya wa plagi ya kwanza utolewe na ncha yake iwekwe mahali ambapo yagusa chuma cha injini, kisha injini iwashwe na kusikilizwa kwa muda mfupi. Ikiwa mtetemeko umezidi, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi yake. Ikiwa hakuna lililobadilika, yule mvivu amepatikana. Izimwe tena, waya urudishwe, na silinda ya pili ijaribiwe, hata zitimie nne. Wako mafundi wang'oao waya kwa mkono injini ikiwa yaenda; umeme wa plagi hupita volti 10,000, na mtu mwenye busara hawaigi. Wala jaribio hili lisifanywe kwa magari mapya yenye koili za kompyuta, kwani laweza kuziharibu.

Silinda ikiisha kujulikana, plagi yake ifunguliwe na kutazamwa, maana plagi husema mengi. Iliyo kavu na yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Yenye masizi makavu yaonyesha kwamba petroli imezidi au moto ni dhaifu. Iliyolowa oili yaonyesha kwamba oili yapenya ndani, na nyeupe kama chokaa yaonyesha joto jingi au petroli chache. Plagi hii na ibadilishwe nafasi na ya silinda nyingine. Ugonjwa ukiifuata huko, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, ufanyiwe vivyo hivyo waya, mradi zamu ya moto isivurugwe, kwa kuwa nyaya mbili zilizopishana hutosha kuifanya injini nzima itetemeke, na kosa hili huonekana mara nyingi baada ya gari kutoka kwa fundi, wala si kabla. Usiku, mahali penye giza, boneti likifunguliwa injini ikiwa yaenda, nyaya zilizochakaa huonyesha cheche za buluu zirukazo hadi kwenye chuma. Kifuniko cha distribyuta nacho kitazamwe kama kina ufa au unyevu, na pointi zisafishwe na kupimwa, ambazo mwanya wake katika magari mengi ya aina hii ni karibu milimita 0.4.

Mtetemeko usiochagua silinda hutokana zaidi na petroli au hewa. Petroli kidogo itiwe katika chupa safi ya kioo na kuachwa itulie; maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yataonekana chini. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo, na wauzaji wadanganyifu walifahamu jambo hili siku nyingi, ndiyo maana mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilitoza ushuru wa shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, ili kuchanganya kusiwe na faida. Pia urefu wa nchi una neno lake. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa hukuta Timboroa, kupita metres 2,700 juu ya bahari, hewa iliyopungua uzito kwa karibu robo. Petroli huwa nyingi kupita kiasi, plagi huingia masizi, na gari hupanda likijikwaa bila kuwa na ugonjwa wowote.

Kinyume cha hayo ni hewa iingiayo kwa wizi. Gari likitetemeka linaposimama lakini likatulia linapoongezwa mwendo, mipira ya hewa ichunguzwe, hasa ule mnene uendao kwenye breki. Ukibanwa kwa koleo na injini ikatulia, tundu limepatikana. Mpira huo usiachwe umebanwa, kwa kuwa bila huo breki huwa nzito mno.

Ikiwa moto ni mwema, petroli safi na hewa haivuji, hapo ndipo fundi aombwe kupima nguvu ya mgandamizo kwa geji, plagi zote zikiwa nje na mguu ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Silinda mbili zilizo jirani zikionekana dhaifu pamoja, gaskiti ya kichwa huenda imepasuka katikati yao. Ikiwa dhaifu ni moja, kijiko cha chai cha oili kitiwe katika tundu la plagi na kipimo kirudiwe. Kikipanda sana, pete za pistoni zimekwisha, na matengenezo yake ni makubwa. Kisipopanda, vali ndizo zisizofunga sawasawa. Basi kwanza nafasi zake zipimwe, kwani vali iliyobana kupita kiasi hurudishwa kwa spana na bisibisi tu; na hata ikiwa imeungua, kifunguliwacho ni kichwa cha injini peke yake.