Anataka Kuwa Mchungaji, Naye Bado Yuko Chuo Kikuu

Vikundi vingi vya kujisaidia vinajua harambee ya kumpeleka kijana chuo cha teolojia. Mbuzi ameuzwa, akina mama wametoa zamu yao ya mchango, parokia nayo imeongeza kidogo. Somo la leo ni juu ya miaka ya kabla ya harambee hiyo, wakati kijana bado anasomea digrii ya kwanza. Mara nyingi miaka hiyo tunaiacha ipite tu, tukingojea cheti. Kumbe mengi atakayohitaji akiwa mchungaji huku kwetu hupatikana wakati huo, na chuo cha teolojia hakitampa yote.

Tuangalie ilivyokuwa zamani. Ukitoka kisiwani ukavuka daraja la Nyali unafika Kengeleni, mahali palipopata jina kwa ile kengele ya Freretown. Freretown ulikuwa mji wa watu waliookolewa utumwani, ulioanzishwa na misheni ya CMS katika miaka ya 1870. Hapo ndipo shule ya kufundisha wachungaji ilipoanza mwaka 1903. Mwaka 1930 ilihamia Limuru, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo, kilichopata hati yake mwaka 2007.

Lakini wachungaji wa kwanza hawakungoja shule hiyo. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wametolewa utumwani wakiwa watoto na kulelewa India, karibu na Nasik, katika shule ya misheni ambapo vijana walifundishwa masomo pamoja na kazi za mikono kama uhunzi na useremala. Walifika Mombasa mwaka 1864 kusaidia kazi ya Rabai. Ushemasi waliupata mwaka 1885 kwa Askofu James Hannington, wakiwa Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika nchi tunayoiita Kenya. Hesabuni wenyewe: ni miaka 21 ya kufundisha na kuishi na watu kabla ya kuvaa kola.

Na miaka hiyo ilimfaa Jones sana. Mwaka huohuo wa 1885 Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha watu wa msafara hadi pwani. Baadaye, akiwa Rabai, aliwapokea mamia ya watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Mabwana walikuja juu, na vita vilikuwa karibu. Mambo yalitulia George Mackenzie wa Kampuni ya IBEA alipowalipa fidia, na Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa barua za uhuru. Sasa jiulizeni, ni somo gani la darasani linalomfundisha mtu kulisha na kulinda kijiji kizima cha watoro?

Basi turudi kwa kijana wetu. Tuseme yuko mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, anasomea uhasibu. Wengine watamwambia aache, aende teolojia moja kwa moja. Sisi tunasema amalize, tena amalize vizuri. Parokia zina vitabu vya hesabu, zina mashamba, zina shule za chekechea, na mchungaji asiyejua kusoma hesabu hutegemea maneno ya mweka hazina peke yake. Kadhalika uuguzi, kilimo, ualimu, sheria. Akishakuwa na digrii anaweza pia kuomba masomo ya uzamili ya uchungaji, kwa mfano katika shule ya NEGST kule Karen, Nairobi, iliyoanza mwaka 1983 na ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Africa International.

Jambo la pili ni jirani. Anayesoma kisiwani yuko hatua chache tu kutoka Mji wa Kale. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alimzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, lakini hakuacha kujifunza Kiswahili. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia ni kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhiddin. Hebu fikirini: Biblia yetu ya Kiswahili ina deni kwa kadhi! Kwa hiyo kijana asipite Kibokoni na Ndia Kuu kama mtalii. Apate rafiki wa kweli huko, asikilize Kimvita safi, ajue kusalimu na kuhani msiba wa Waislamu bila kuwaudhi. Mchungaji wa pwani asiyejua hayo atahubiri, ndiyo, lakini siku ya ugomvi wa ardhi au ya fujo za uchaguzi hatakuwa na mtu wa kumpigia simu upande wa pili.

Sasa pesa, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mkopo wa HELB huanza kudaiwa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na ukichelewa kuna faini. Posho ya mchungaji mwanzoni ni ndogo, tena mahali pengine huchelewa. Afadhali kikundi kimsaidie akope kidogo sasa kuliko kumfanyia sherehe kubwa baadaye. Mchango wenu uwekwe katika akaunti yake peke yake, na makubaliano yaandikwe: akibadili nia, je, pesa ni zawadi au atarudisha?

Mchungaji wa parokia aambiwe mapema pia, kwani ni kanisa linalompima na kumtuma, siyo kikundi. Kwa Wakatoliki aende kwa padre anayesimamia miito jimboni. Wasichana wasiambiwe “hapana” kabla ya kuuliza kanisa lao. Makanisa hayako sawa, lakini Kanisa Anglikana la Kenya lilipata maaskofu wake wa kwanza wanawake, Emily Onyango na Rose Okeno, mwaka 2021.

Neno moja la pembeni. Kijana akisema ameitwa mwezi uleule alipokosa kazi, msimcheke, lakini msikimbilie kuchanga. Mpeni darasa la Shule ya Jumapili na zamu ya kutembelea wagonjwa kwa mwaka mzima.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Katika kanisa letu, ni kazi gani mchungaji hufanya ambayo hakuifundishwa chuoni?

2. Ni nani kati ya jirani zetu Waislamu anayeweza kuwa mwalimu wa kijana wetu, na nani atakwenda kumwomba?

3. Kijana wetu anadaiwa kiasi gani leo? Tumewahi kumwuliza?