Wimbi Hupita, Maji Hubaki: Maswali Kuhusu Mawimbi

Mwalimu wa fizikia anajibu maswali ambayo wanafunzi na wazazi wao huuliza kila mada ya mawimbi inapofika.

Wimbi linalofika ufukweni, si maji yaliyotoka bahari kuu?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukwama. Tazama kumbi la nazi linaloelea nje ya mwamba. Wimbi likilifikia, kumbi hupanda, husogea mbele kidogo, hushuka na kurudi nyuma, karibu palepale lilipokuwa. Ukiliona limekwenda mbali, limechukuliwa na mkondo au upepo. Kinachosafiri na wimbi ni nishati.

Jaribu nyumbani. Funga kamba ya mita tano kwenye nguzo, funga kitambaa chekundu katikati yake, kisha rusha ncha uliyoishika juu na chini mara moja. Mtikisiko utakimbia hadi kwenye nguzo, ugonge, urudi. Huko ndiko kuakisiwa, na mwangwi wa sauti hutokea kwa njia hiyohiyo. Kitambaa hakitakwenda popote. Kitapanda na kushuka tu.

Mvuvi ana haki ya kunibishia kwa jambo moja. Wimbi likishavunjika kwenye kina kifupi, maji yenyewe husukumwa mbele, na hayo ndiyo yanayomwangusha mtu.

Mawimbi yako ya aina ngapi?

Inategemea unayagawa kwa kigezo gani. Kigezo cha kwanza ni namna chembe zinavyocheza. Katika kamba yetu, kitambaa kilikwenda juu na chini huku mtikisiko ukienda mbele: hilo ni wimbi la kukingama. Sauti ni tofauti. Hewa husukumwa na kuachiwa, mbele na nyuma, kuelekea kulekule sauti inakokwenda, hivyo panakuwa na sehemu zilizobanana na sehemu zilizoachana. Hilo ni wimbi la kusukumana. Mawimbi ya bahari huchanganya yote mawili, ndiyo maana kumbi lilizunguka badala ya kupanda na kushuka wima.

Tetemeko la ardhi hutoa aina zote mbili kwa pamoja. Chukua tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Katika miamba ya juu ya dunia, wimbi la kusukumana huenda kilomita 6 hivi kwa sekunde na lile la kukingama kilomita 3.5 hivi. Aliye kilomita 80 kutoka chanzo hufikiwa na la kwanza baada ya sekunde 13 na la pili, ambalo kwa kawaida hutikisa zaidi, baada ya sekunde 23. Wataalamu hutumia pengo hilo kukadiria umbali wa chanzo. Tena, wimbi la kukingama la tetemeko halipiti ndani ya kimiminika, na kwa sababu hiyo wanasayansi walitambua kuwa kiini cha nje cha dunia ni cha kimiminika, bila mtu kufika huko.

Kati ya jua na sisi hakuna hewa. Mwanga unapitaje?

Hapa kinaingia kigezo cha pili. Sauti, mawimbi ya bahari na ya tetemeko yanahitaji kitu cha kupitia. Mwanga hauhitaji, kwa kuwa ni wimbi la sumakuumeme, la kukingama, linalopita hata kwenye ombwe kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Kutoka juani hutumia dakika 8 na ushei. James Clerk Maxwell alieleza nadharia hiyo mwaka 1865, na Heinrich Hertz akaithibitisha kwa majaribio ya mawimbi ya redio miaka ya 1880. Redio, simu, eksirei na mwanga ni ukoo mmoja. Kinachotofautiana ni masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (hezi).

Nikipaza sauti zaidi, itafika haraka zaidi?

Haitafika haraka. Itafika na nguvu zaidi, kwa sababu umeongeza kimo cha wimbi, lakini kasi huamuliwa na kile wimbi linachopitia. Hewani sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde, majini karibu 1,500, na katika chuma cha pua zaidi ya 5,000. Ukiona radi, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, gawanya kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita.

Masafa, kwa upande wake, huamuliwa na chanzo. Ukizidisha masafa kwa urefu wa wimbi, yaani umbali toka kilele kimoja hadi kinachofuata, unapata kasi. Kituo cha redio cha FM kilicho kwenye megahezi 100 kinarusha mawimbi yenye urefu wa mita 3. Kanuni ni hiyo tu.

Jirani akiwa na harusi, kwa nini chumbani kwangu nasikia besi peke yake?

Swali zuri kuliko mengi ya mitihani! Besi ya hezi 50 ina wimbi la karibu mita 7, sawa na upana wa nyumba, kwa hiyo hupinda na kuzunguka kona bila shida. Sauti kali ya hezi 5,000 ina wimbi la sentimita 7 hivi: ikikutana na nyumba huacha kivuli nyuma yake. Kuta na milango nayo huzuia sauti kali kuliko nzito. Tembo wananufaika na jambo hilo, kwani baadhi ya milio yao iko chini ya hezi 20, sikio la binadamu haliisikii, lakini tembo walio kilomita kadhaa huisikia.

Tsunami ina tofauti gani na wimbi la kawaida?

Wimbi la upepo hutikisa maji ya juu tu. Mzamiaji akishuka vya kutosha hakuti mtikisiko. Tsunami husukuma maji yote, toka juu hadi sakafu ya bahari.

Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra. Mawimbi yaliyotoka hapo yalikuwa na urefu wa mamia ya kilomita, ila kwenye kina kirefu kimo chake kilikuwa kama nusu mita, kiasi kwamba meli isingeyatambua. Kasi ya wimbi la namna hiyo hutegemea kina: penye kina cha mita 4,000 ni kilomita 700 kwa saa, penye mita 10 ni 36 tu. Mbele linapunguza mwendo, nyuma bado linakuja, nishati inabanana, kimo kinapanda.

Saa saba hivi baadaye yalifika Somalia na kuua karibu watu 300. Yalifika pia Kenya na Tanzania, na huko nako watu walikufa, japo wachache zaidi. Mombasa fukwe zilikuwa zimeanza kuondolewa watu.

Leo nchi za Bahari ya Hindi zina mfumo wa pamoja wa tahadhari. Hata hivyo, ukiwa ufukweni ukaona bahari imekupwa ghafla kinyume cha kawaida, usiende kuokota samaki. Kimbilia mwinuko, na usirudi kwa sababu wimbi la kwanza limepita. Mara nyingi linalofuata huwa kubwa zaidi, na linaweza kuchelewa hata nusu saa.