Dereva Akikataa Kutaja Jina Lake

Barabara imefika vijijini. Siku ya gulio hupita malori, pikapu, mabasi madogo na pikipiki, na katikati yao wanapita watu wenye mizigo kichwani, mikokoteni ya ng'ombe na baiskeli. Kugongana hutokea. Mara nyingi hakuna anayekufa wala kuvunjika mfupa. Ni baiskeli iliyopinda, au mkokoteni uliovunjika, au mbuzi aliyekanyagwa. Watu huziita ajali ndogo. Lakini baiskeli ni mtaji wa nyumba nzima. Ikikaa mwezi mmoja bila gurudumu, nyanya zitaozea shambani na ada ya mtoto haitapatikana.

Leo tutajifunza la kufanya ajali ndogo inapotokea na dereva akawa mkaidi. Utaona kwamba chombo chako kikubwa siku hiyo ni daftari na penseli.

Tuchukue mfano. Ni asubuhi, unatoka shambani. Unakokota baiskeli yenye matenga mawili ya nyanya. Pikapu inakuja nyuma yako, na mbele linakuja lori. Dereva wa pikapu analipisha lori, anabana pembeni, na ubavu wa gari lake unaikumba baiskeli. Wewe unaangukia majanini. Gurudumu la nyuma limepinda, tenga moja limepasuka na nyanya zimetapakaa barabarani.

Dereva anasimama mbele kidogo. Anashuka, anatazama kwanza kioo cha gari lake, kisha anasema:

"Mzee, mbona unatembea katikati ya barabara? Haya, chukua noti hii ya elfu kumi tuyamalize. Nina haraka."

"Kijana wangu, noti nimeiona. Kwanza niambie jina lako, na gari hili ni la nani."

"Jina langu la nini? Kwani wewe ni polisi?"

Hapo ndipo watu wengi hunyamaza. Husema moyoni, kweli, mimi si polisi, nina haki gani ya kumwuliza mwenye gari? Haki unayo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo pamoja na marekebisho yake bado inatumika Tanzania, inamtaka dereva aliyepata ajali asimame na amsaidie aliyeumia. Inamtaka pia ataje jina lake na anwani yake, na jina la mwenye gari kama gari si lake, kwa mtu mwenye sababu ya kuuliza. Wewe uliyegongwa unayo sababu. Tena ajali itolewe taarifa polisi mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo unaweza kumjibu kwa upole: "Mimi si polisi, ndugu dereva. Mimi ni mwenye baiskeli."

Kwa nini dereva akatae? Huenda hana leseni, au bima ya gari imekwisha muda wake. Huenda gari ni la tajiri wake, naye anaogopa kufukuzwa kazi. Lakini iko sababu moja ambayo sisi wanakijiji tunaitengeneza wenyewe. Dereva anaona watu wanakimbilia barabarani na fimbo na mawe, anaingiwa na hofu, anaondoa gari. Dereva anayekwenda moja kwa moja kituo cha polisi kwa kuogopa kupigwa na kutoa taarifa huko, huyo hakukimbia ajali. Basi tukitaka madereva wasimame, tuwape nafasi ya kusimama salama.

Usimpige dereva. Usimnyang'anye ufunguo wala usitoboe matairi yake. Usijilaze mbele ya gari, maana mtu mwenye hofu hatazami chini. Ukivunja kioo chake, yeye ndiye atakayefika kituoni kushitaki, na ile baiskeli yako haitatajwa tena. Vijana wakianza kupandisha hasira, mwite mzee wa hapo au mwenyekiti wa kitongoji awatulize.

Basi ufanye nini? Tazama kwanza watu. Mtu akiwa ameumia vibaya, acheni ubishi wa jina na noti. Mpelekeni hospitali mara moja, na pigeni simu polisi kwa namba 112. Kwa majeruhi wa ajali polisi hutoa fomu iitwayo PF3, lakini mtu anayetokwa damu nyingi asicheleweshwe kwa kutafuta karatasi. Karatasi itafuata.

Kama hakuna aliyeumia, toa daftari lako. Andika kwanza namba ya gari, kwa sababu dereva anaweza kuficha jina lake lakini namba imepigwa misumari nyuma ya gari. Wengi husoma namba haraka, halafu hubishana njia nzima kama ilikuwa B au 8, S au 5. Jifunze mpangilio wake, nao utakusaidia. Namba ya gari la kawaida la Tanzania huanza na herufi T. Hufuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Kwa hiyo alama ya katikati inayofanana na S ni 5, na ile ya mwisho inayofanana na 5 ni S. Pikipiki huanza na herufi mbili, MC, kisha tarakimu tatu na herufi tatu. Magari ya serikali yana mpangilio wake mwingine. Hayo andika kama ulivyoona, usijaze chochote kwa kukisia. Tazama na mlango. Malori mengi na pikapu nyingi za biashara huandikwa mlangoni jina la mwenye gari na mahali anapotoka. Dereva amekataa kukuambia gari ni la nani, na kumbe mlango umekwisha sema.

Kama wewe au jirani ana simu yenye kamera, pigeni picha kabla vitu havijasogezwa: gari lilipo, baiskeli ilipolala, alama za matairi na namba ya gari. Hata hivyo andika. Simu huisha chaji, tena picha haisemi gari lilitoka upande gani. Mimi napendelea penseli kuliko kalamu ya wino, kwa sababu haikauki na mvua haiwezi kuifuta kwa urahisi.

Maandishi yako yawe mafupi, kama haya:

"Leo Jumamosi, tarehe ......, saa 3 na nusu asubuhi, pikapu nyeupe namba T ......... imegonga baiskeli yangu karibu na njia panda ya kisimani. Nilikuwa naikokota pembeni, upande wa kushoto wa barabara. Pikapu ilitoka nyuma. Gurudumu la nyuma limepinda. Tenga moja la nyanya limeharibika. Dereva ni kijana mwanamume aliyevaa shati la bluu. Amekataa kutaja jina lake. Walioona ni hawa: ........."

Hapo mwisho andika majina kamili ya mashahidi na namba zao za simu. Shahidi mzuri ni yule aliyeona gari likigonga, siyo yule aliyefika mbio na kuanza kusimulia. Waulize mmoja mmoja, "Ulikuwa wapi? Uliona nini?" Nawe andika kweli hata ile inayokuumiza. Kama ulikuwa katikati ya barabara, au mzigo ulikuwa mpana kupita kiasi, au ulikuwa unaendesha na breki haishiki, iandike. Polisi watapima barabara na kuwauliza wengine. Wakikukuta umedanganya neno moja, mengine yote watayatilia shaka.

Sasa turudi kwa dereva. Ameona unaandika, naye amebadilika. Anatoa karatasi garini, anaandika mistari miwili, anakupa pamoja na ile noti. Anasema, "Weka sahihi hapa, au weka dole gumba tu, mzee, usijisumbue."

Ndugu mwanakisomo, ulipoanza kujifunza a, e, i, o, u, ulikuwa unajiandaa kwa karatasi kama hii. Isome yote. Huenda imeandikwa hivi: "Mimi niliyeweka sahihi hapo chini nimepokea Sh. 10,000 na sina madai mengine yoyote." Maneno mazito ni yale matano ya mwisho: na sina madai mengine yoyote. Maana yake ni kwamba umefunga mlango. Kesho fundi akisema ringi haifai kunyooshwa, au bega lako likivimba usiku, utaoneshwa karatasi hiyo, na sahihi ni yako. Kuifungua tena itakuwa kazi ngumu.

Kabla ya kukubali noti yoyote, piga hesabu. Tuseme bei za kwenu ni hizi:

Ringi mpya: Sh. 18,000
Spoku: Sh. 6,000
Ufundi: Sh. 5,000
Tenga moja la nyanya: Sh. 25,000
Jumla: Sh. 54,000

Dereva alitaka kuyamaliza kwa 10,000. Zimebaki 44,000, nazo zingetoka mfukoni mwako. Mimi sioni ubaya watu kupatana pale pale barabarani kama hakuna aliyeumia. Ila wapatane baada ya hesabu, mbele ya mashahidi, na kila mmoja abaki na nakala. Kama unahitaji ile 10,000 ili baiskeli ifike kwa fundi, unaweza kuipokea, lakini andika wewe mwenyewe: "Nimepokea Sh. 10,000 kutoka kwa dereva wa gari namba T ......... Hii ni sehemu ya malipo ya baiskeli na nyanya zilizogongwa leo. Gharama yote bado haijajulikana." Naye aweke sahihi. Akikataa karatasi yako, arudishiwe noti yake.

Na akiingia garini akaondoka? Mwache aende. Usimkimbize kwa pikipiki ya kukodi, maana utaleta ajali ya pili, na hiyo huenda isiwe ndogo. Namba unayo. Nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo. Kama kituo kiko mbali, anza kwa mtendaji wa kijiji au polisi wa kata, lakini usiishie hapo. Ukifika, soma maelezo yako kutoka kwenye daftari. Yakiandikwa upya na askari, omba usomewe au uyasome kabla ya kuweka sahihi. Omba pia namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha kituo, uiandike. Ukirudi wiki ijayo bila namba hiyo, utaanza kusimulia upya.

Polisi huchunguza kosa la barabarani. Kwa kutumia namba wanaweza kumpata mwenye gari, na mwenye gari ndiye atakayeulizwa siku ile gari lilikuwa mikononi mwa nani. Fidia ya baiskeli ni jambo jingine. Hapo tunafika kwenye bima.

Sheria inataka kila gari linalotembea barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu. Wengi hudhani mtu huyo wa tatu ni abiria wa kiti cha nyuma. Hesabu hivi: mtu wa kwanza ni mwenye gari aliyekata bima, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni wewe uliyegongwa. Sheria inalazimisha bima hiyo kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu, na bima nyingi za namna hiyo hulipa pia mali ya mtu wa tatu, kama vile baiskeli. Siku hizi mtu mwenye simu ya intaneti anaweza kutumia namba ya gari kuangalia kama lina bima, katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mwombe mwalimu au kijana wa kijiji akusaidie. Kampuni kwa kawaida itataka taarifa ya polisi, picha, na risiti za fundi. Kwa hiyo usitupe risiti, hata ile ndogo ya spoku. Kampuni ikikuzungusha bila sababu, malalamiko hupelekwa TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kama gari halina bima? Deni halikufutika. Unaweza kumdai dereva na mwenye gari mahakamani. Hapo tafuta msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na katika wilaya nyingi wapo. Hatakuuliza kwanza kama una pesa. Atakuuliza una maandishi gani, nawe utafungua daftari.

MASWALI

1. Dereva akisema "Kwani wewe ni polisi?", utamjibu nini?
2. Mtu wa tatu ni nani?
3. Kwa nini si vizuri kumnyang'anya dereva ufunguo?
4. Dereva amekupa Sh. 15,000, na gharama yote ni Sh. 54,000. Zimebaki shilingi ngapi?

ZOEZI

Tokeni nje ya darasa mkasimame mbali kidogo na barabara. Gari au pikipiki ya kwanza itakayopita, kila mmoja aandike namba yake bila kumwuliza jirani, pamoja na rangi, saa, na upande ilikoelekea. Kisha rudini darasani mkalinganishe mlichoandika.